UZI: Tanganyika ya Mwingereza, jimbo halikuwa na mfuko. Fedha za kodi zilipita wapi?

Mzee_wa_Leja

Wakuu, kila ukifunguliwa uzi wa uchumi wa ukoloni, lazima atokee mtu aseme "Jimbo la Ziwa lilikusanya kiasi hiki, likatumia kiasi hiki". Kauli hiyo ina kasoro kwenye msingi. Chini ya Mwingereza, jimbo la Tanganyika halikukusanya kitu kwa jina lake wala halikuwa na mfuko. Fedha zilikaa mahali pawili tu: Hazina ya serikali Dar es Salaam (pamoja na akaunti zake kule London kwa Crown Agents, mawakala wa fedha wa makoloni), na hazina ndogo za wenyeji huko wilayani. PC (Provincial Commissioner, mkuu wa jimbo) alikaa katikati, ana kalamu lakini hana sanduku. Ukilishika hilo, makaratasi mengi yanayowachanganya watu yananyooka.

Mjerumani kwa kifupi kwanza. Amri ya kodi ya nyumba ilitoka 1897 na kuanza kufanya kazi 1898. Vijijini rupia 3 kwa nyumba, mijini zaidi, hadi 12. Waliokusanya ni maakida (wasimamizi wa maeneo waliowekwa na Mjerumani) na majumbe wa vijiji. Mwaka 1901 zikaundwa jumuiya za wilaya zilizobakiwa na sehemu ya kodi hiyo kwa ajili ya barabara, masoko na shule. Mwaka 1909 zikavunjwa zote isipokuwa Dar es Salaam na Tanga, fedha zikarudi mikononi mwa gavana. Kwa hiyo kwa miaka minane hivi, wilaya ya Mjerumani ilikuwa na uhuru wa fedha ambao jimbo la Mwingereza halikuwahi kuuonja.

Mwingereza akaja na sheria ya kodi ya kibanda na kichwa ya 1922. Gavana Cameron alipofika 1925 alikuta wilaya 22, akazipanga katika majimbo 11. Baadaye yakapunguzwa hadi 8. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ikatoka 1926. Hapo ndipo mfumo wenyewe ulipokamilika, na shilingi ya mlipaji ilisafiri hivi.

Kabla ya msimu wa kodi, karani na jumbe walipita kijiji kwa kijiji kuandikisha: jina, idadi ya vibanda, nani mzee au mlemavu wa kusamehewa. Mwenye wake watatu wenye vibanda vyao alilipia vitatu. Kijana asiye na kibanda alilipa kodi ya kichwa. Kiwango hakikuwa kimoja nchi nzima. Kila wilaya ilipangiwa chake kwa kukisia watu wanapata wapi fedha: kahawa, pamba, ng'ombe, au vibarua vya mkonge. Msimu nao ulipangwa baada ya mavuno, maana ukimfuata mtu mwezi wa njaa utarudi na orodha ya wadaiwa, si fedha.

Mlipaji alipewa stakabadhi yenye namba. Vitabu vya stakabadhi vilihesabiwa kama fedha taslimu: karani alisaini alipovichukua, na alivirudisha hata vile ambavyo havijatumika. Jioni jumla ya vishina (vipande vya stakabadhi vinavyobaki kitabuni) ilinganishwe na fedha zilizomo, kisha zipelekwe boma (ofisi ya serikali ya wilaya), ziingie kwenye kasha na kuandikwa kwenye daftari la fedha. Mwisho wa mwezi boma lilituma hesabu zake moja kwa moja Hazina, Dar es Salaam. Angalieni njia hiyo: boma hadi Dar. Makao makuu ya jimbo hayamo.

Kisha fungu la kodi lilirudi chini kwa hazina ya wenyeji. Hilo nitalieleza mtu akiuliza, maana ndilo lenye vurugu.

Kibanda_Kimoja

Nauliza sasa hivi mkuu. Hilo fungu la kurudi lilikuwa ruzuku au lilikuwa haki yao? Na lilikokotolewaje?

Mzee_wa_Leja

Asili yake ni fidia. Zamani mtemi (chifu) alipokea mazao, pombe, pembe, siku za kazi shambani kwake. Cameron akasema hayo yakome, mtemi alipwe mshahara, na gharama iingizwe kwenye kodi. Kwa hiyo sehemu fulani ya kila kodi iliyolipwa ilitengwa kwa hazina ya wenyeji ya eneo hilo. Juu yake waliongeza ada na faini za mabaraza, ushuru wa masoko, vibali vya pombe na vidogo vingine.

Nitoe mfano wa kubuni ili hesabu ionekane, msije mkaunukuu kama takwimu. Wilaya ina vibanda 20,000, kodi shilingi 10. Zinapatikana shilingi 200,000, yaani pauni 10,000. Tuseme fungu la wenyeji ni shilingi 2.50 kwa kibanda: hizo ni 50,000. Mabaraza na masoko yanaleta 12,000. Hazina ya wenyeji ina 62,000. Mishahara ya mtemi, wasaidizi wake, makarani na matarishi inakula 40,000, na hiyo si chumvi, mishahara ndiyo ilikuwa mzigo mkubwa karibu kila mahali. Zinabaki 22,000 za barabara, shule, zahanati, visima na akiba.

Sasa ukame uje, kodi ipungue kwa asilimia 10. Hazina ya wenyeji inapoteza 5,000 kutoka fungu la kodi. Ukiitazama kwa jumla ya 62,000 ni asilimia 8 tu. Lakini mishahara haipungui, hivyo pengo lote linaangukia zile 22,000, karibu robo yake. Ndiyo maana kwenye miaka mibaya utaona madaraja na zahanati vinakufa kwanza huku orodha ya mishahara haijaguswa. Hakuna aliyeamua kwa ubaya wa moyo kuua zahanati. Muundo wenyewe ulishaamua.

Mto_Ruvu

Naongeza kuhusu bajeti ya hazina hizo. Mtemi na baraza lake "waliandaa" makadirio, lakini mara nyingi yaliandikwa boma na DC (mkuu wa wilaya) au karani wake, kisha yakasomwa barazani. Yakapanda kwa PC kuidhinishwa. Hapo ndipo nguvu ya PC ilipokuwa: kukata, kurudisha, kuuliza kwa nini akiba ni ndogo. Maofisa walipenda hazina ibaki na akiba nono. Matokeo yake unakuta hazina ina fedha zimelala huku shule ya eneo hilohilo haina paa.

Na kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine katikati ya mwaka kulihitaji kibali. Mtemi hakuweza kuchukua salio la "masoko" akanunulie mbao za daraja, hata mvua iwe imelibeba jana.

Nakuru_Hesabu

Ndugu zangu, huku Kenya picha yafanana kiasi ila ina sura nyingine. Mkoa nao haukuwa na mfuko. Mabaraza ya wenyeji, yale LNC, yalianza 1924, mwenyekiti ni DC. Tofauti ni kwamba LNC yalitoza kodi yao wenyewe juu ya kodi ya serikali, shilingi chache kwa kichwa, badala ya kungoja fungu lirudi. Kwa hiyo Mwafrika wa Kenya alilipa mara mbili kwa stakabadhi mbili, na ya pili ndiyo iliyojenga shule yake.

Wakati huohuo walowezi walipewa mabaraza ya wilaya zao kwa sheria ya 1928, na barabara zao zilitegemea zaidi ruzuku kutoka Nairobi kuliko kodi ya ardhi yao. Kodi ya mapato ilijaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikafutwa 1922 kwa kelele zao, ikarudi 1937. Kodi ya Mwafrika ndani ya kipindi hichohicho ilipandishwa hadi shilingi 16, ikashushwa 12 baada ya vuguvugu la kina Harry Thuku. Ukitaka kujua nani alilipia nini Kenya, weka mambo hayo mawili kwenye ukurasa mmoja.

Pwani_Data

Mzee_wa_Leja, nakubali kuhusu mapato. Kuhusu matumizi nina shaka. Kwenye makadirio ya serikali kuna fungu linaitwa Utawala wa Majimbo, lina maelfu ya pauni. Je, hilo si mfuko wa majimbo?

Mzee_wa_Leja

Swali zuri, na huo ndio mtego unaowanasa wengi. Fungu hilo ni mishahara na posho za PC, DC, maofisa wasaidizi, makarani na matarishi wa nchi nzima. Liko moja, linasimamiwa kutoka makao makuu. PC alipewa hati ya kutumia kiasi fulani kwa kazi fulani; kisichotumika hadi mwisho wa mwaka kilirudi Hazina.

Na kila kingine kiko kwenye mafungu ya idara. Daktari wa Mwanza yuko kwenye fungu la Afya. Shule ya Tabora iko kwenye fungu la Elimu. Daraja liko kwa Ujenzi, na huko tena unatakiwa kutenganisha kazi za kila mwaka na zile za mara moja. Ukitaka "matumizi ya Jimbo la Magharibi mwaka fulani", lazima uyajenge mwenyewe:

anza na orodha ya watumishi, uone nani alipangwa wapi. Zidisha na ngazi ya mshahara. Ongeza kazi za ujenzi zilizotajwa kwa jina la mahali. Ongeza ruzuku za shule za misheni za eneo hilo. Halafu uongeze hazina zote za wenyeji za wilaya za jimbo hilo. Hapo mwisho kuwa mwangalifu: lile fungu la kodi lililorudishwa usilihesabu mara mbili, mara moja kama matumizi ya serikali na mara ya pili kama matumizi ya hazina ya wenyeji. Kabla hujajumlisha, soma maelezo ya chini ya jedwali uone kama kodi imeandikwa nzima au imeandikwa baada ya kutoa fungu la wenyeji. Katika mfano wangu wa juu, tofauti ni pauni 10,000 dhidi ya 7,500. Ukilinganisha miaka miwili iliyoandikwa kwa njia mbili utagundua "anguko la kodi" ambalo halijawahi kutokea.

Bandari_Salama

Na ushuru wa forodha msiugawe kwa majimbo kabisa. Pamoja na kodi ya kibanda na kichwa, hizo ndizo nguzo mbili kubwa za mapato. Lakini ushuru unaandikwa bandarini. Khanga zilizovaliwa Mwanza zilitozwa ushuru Mombasa au Dar. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Kabla ya hapo mizigo mingi ya ziwani ilipitia Mombasa na Kisumu. Tanganyika ikashirikiana na Kenya na Uganda kwenye forodha, na tangu 1927 bidhaa zikavuka mpaka bila kutozwa tena, hesabu ikawa ya kupeana sehemu kwa makaratasi. Jembe lililouzwa bila karatasi sahihi, ushuru wake ulibaki Kenya. Jimbo la Ziwa hapo linaonekana masikini kwenye vitabu wakati wakulima wake wa pamba wananunua kila siku.

Mkitaka kuona wafanyabiashara walivyoipokea kodi ya faida, tazameni 1923: Wahindi walifunga maduka nchi nzima, wakipinga kodi hiyo pamoja na masharti ya kutunza hesabu ambayo hayakukubali daftari za Kigujarati. Ilikuja kuondolewa. Kodi ya mapato yenyewe ikangoja hadi 1940. Katikati hapo mlipaji wa kibanda hakuwa na duka la kufunga.

Kibanda_Kimoja

Hiyo ya mwisho imeingia. Basi mdororo wa 1929 ulifanya nini kwenye mfumo huu? Maana bei za mkonge na kahawa zilianguka.

Mto_Ruvu

Uligonga pande zote mbili. Forodha ilishuka kwa sababu watu hawanunui, kodi ikashuka kwa sababu mazao hayana bei na vibarua mashambani vimepungua. London ikamtuma Sir Sydney Armitage-Smith kukagua, ripoti yake ni ya 1932. Kilichofuata ni kubana: watumishi kupunguzwa, kazi za ujenzi kusimama. Gavana Symes naye akasukuma kampeni ya kulima zaidi. Mantiki yake ni ya kihasibu kabisa: bei ikishuka nusu, mkulima auze mara mbili ili shilingi za kodi zitimie. Kwa mkulima ina maana ya jasho mara mbili kwa stakabadhi ileile.

Asiye na fedha kabisa sheria iliruhusu alipe kwa kazi: barabara, kambi za serikali, kubeba mizigo. Hapa kuna tatizo la takwimu ambalo wengi hawalioni. Kodi iliyolipwa kwa kazi haileti shilingi kwenye kasha, na kazi yenyewe haionekani kama gharama ya ujenzi. Barabara inatokea kwenye ramani bila kutokea kwenye hesabu. Mwaka wa shida kubwa ndio mwaka ambao vitabu vinaficha mengi.

Nyuki_wa_Upare

Hamjagusa mbiru, na bila mbiru uzi huu hautimii. Miaka ya 1940 wilaya ya Pare ilitaka fedha zaidi ya lile fungu lililorudi. Badala ya kumwongezea kila mtu kiasi sawa, wakaweka kodi ya ngazi, ndiyo mbiru, juu ya ile ya serikali: kila mtu akadiriwe kwa mali yake. Kwenye karatasi ni haki tupu, mwenye nacho alipe zaidi. Utekelezaji ndio uliowasha moto. Mkadiriaji anauliza una ng'ombe wangapi, mizinga mingapi, kahawa kiasi gani. Jirani anajua, karani anakisia, na watu wa chifu wanakadiriwa kwa mkono mwepesi. Hapakuwa na daftari la mapato la kuthibitisha lolote.

Januari 1945 maelfu ya wanaume wakashuka Same na kukaa hapo. Na hapa ndipo wengi husimulia vibaya: hawakukataa kodi ya serikali. Walikuwa tayari kulipa ile ya kawaida, walichokataa ni kukadiriwa. Boma likabaki na mgogoro ambao kisheria ni wa ajabu, watu wanaleta fedha na wanakataliwa kwa sababu hawaleti zote mbili. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakaingia. Mwishoni mbiru ikafutwa, ikabaki nyongeza ya kiwango kimoja.

Pwani_Data

Kwa hiyo kodi ya ngazi ilikuwa wazo sahihi bila zana za kulitekeleza?

Nyuki_wa_Upare

Zana zilikosekana, ndiyo, ila pia waliotozwa hawakuwa na sauti kwenye matumizi. Mamangi (machifu) na DC ndio walioamua. Mimi sioni kama zana peke yake zingetosha. Hata ukampa karani mizani na daftari, bado mtu angeuliza shilingi ile ya ziada imekwenda wapi na nani alimwuliza.

Nakuru_Hesabu

Mtu akitaka kuona koloni ambapo mikoa kweli ilikuwa na mfuko, atazame India. Lord Mayo mwaka 1870 alizipa serikali za mikoa kiasi maalumu pamoja na majukumu ya magereza, polisi, elimu, tiba na barabara: fedha ikibaki ni yako, ikipungua jitafutie. Baadaye wakagawana vyanzo vya mapato. Baada ya sheria ya serikali ya India ya 1919 vyanzo vikatenganishwa kabisa, serikali kuu ikabaki na pengo, ikabidi mikoa iichangie: jumla rupia laki 983 kwa mwaka, maana yake milioni 98.3. Madras peke yake laki 348, Bengal 63. Madras walilalamika hadi michango ikafutwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Ugomvi wa namna hiyo Dodoma au Nyeri haungewezekana, maana hakukuwa na hesabu ya mkoa ya kugombania.

Mzee_wa_Leja

Hapo umenimalizia hoja. Na "laki" ya Wahindi ni 100,000, watu waangalie wasisome 983 kama milioni.

Kwa kuwa tumefika kwenye fedha zenyewe, mtego mwingine kwa wanaochimba nyaraka ni sarafu. Rupia ya Mjerumani: 15 ni sawa na mark 20. Hadi 1904 rupia moja ilikuwa pesa 64, baada ya hapo heller 100, kwa hiyo pesa za hesabu za 1902 usizisome kama desimali. Wakati wa Mwingereza rupia ilihesabiwa 15 kwa pauni, kisha 1920 ikapangwa shilingi 2, yaani 10 kwa pauni, halafu ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni. Kodi ya rupia 3 kwa kiwango cha zamani ni shilingi 4. Kwa kipya ni shilingi 6. Namba kwenye stakabadhi haijabadilika, mzigo umepanda nusu.

Bandari_Salama

Na mwaka wa fedha. Makadirio ya miaka ya 1920 yanaanzia Aprili hadi Machi, wakati takwimu za biashara ni Januari hadi Desemba. Ukigawa kodi ya 1927/28 kwa mauzo ya nje ya 1927 umechanganya misimu miwili ya pamba.

Kibanda_Kimoja

Mtu akienda Nyaraka za Taifa pale Upanga aanze na lipi ili asipoteze wiki nzima?

Mto_Ruvu

Aanze na ripoti za mwaka za serikali kwa Umoja wa Mataifa wa wakati ule (League of Nations), zina majedwali ya kodi na hazina za wenyeji. Kisha Blue Book (kitabu cha takwimu za koloni cha kila mwaka) ya mwaka husika kwa mapato, matumizi na watumishi. Halafu makadirio, lakini akumbuke makadirio ni nia, matumizi halisi yako kwenye ripoti ya Hazina ya mwaka unaofuata. Ripoti za ma-PC asome kwa maelezo ya sababu, nzige, ukame, bei, si kwa jumla za fedha. Daftari za wilaya zije mwisho, ni tamu sana na zitamla muda akianza nazo. Achague wilaya moja na miaka mitatu inayofuatana, asikimbilie jimbo zima.

Mzee_wa_Leja

Na aombe majalada ya makadirio ya hazina ya wenyeji ya wilaya hiyo pamoja na barua za PC zilizoyarudisha. Pembezoni mwa karatasi ndipo kuna "ipunguzwe", "kwa nini", "isubiri mwaka ujao".